Mbio za kuachiana: jinsi mkimbiaji wa mwisho anavyoweza kushinda kwa haki

Jumamosi alfajiri katika miji ya Mbeya na Iringa utawakuta barabarani. Fulana zao zinafanana, wanaimba, wanapiga makofi, na baridi ya Nyanda za Juu Kusini inawatoa mvuke mdomoni. Hizi ni klabu za jogingi. Kwa dakika kumi za mwanzo kundi ni moja, kisha linakatika. Vijana wanachomoka mbele, watu wazima wanabaki katikati, na nyuma kabisa anabaki mama mmoja au mzee mmoja anayepambana na kilima peke yake. Anapofika, mara nyingi maji yameisha, picha ya pamoja imeshapigwa na wenzake wameanza kuondoka. Wiki ya tatu au ya nne, mtu huyo haji tena.

Tanzania ni nchi inayomheshimu mkimbiaji wa mwisho. John Stephen Akhwari alianguka na kuumia katika marathon ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akamaliza wa mwisho kati ya waliofika, mguu ukiwa umefungwa bandeji. Hadi leo jina lake linatajwa kwa heshima. Heshima hiyo haipatikani kwa urahisi kwenye klabu ya mtaa, na tatizo si roho mbaya. Tatizo ni namna mbio zilivyopangwa: wote wanaanza pamoja, na anayefika kwanza ndiye mshindi. Kwa utaratibu huo, matokeo yanajulikana kabla mtu hajafunga kamba za viatu.

Upo utaratibu mwingine, wa zamani na wa bei rahisi, unaompa kila mwanachama nafasi ya kweli ya kushinda. Katika makala haya tunaeleza unavyofanya kazi, hesabu zake, hila zake, na jinsi klabu za Mbeya na Iringa zinavyoweza kuutumia hata kushindana zenyewe kwa zenyewe bila mtu kupanda basi.

Kuachiana ni nini?

Wazo lenyewe kila mtoto analijua. Mkubwa akitaka kushindana na mdogo humwambia: "Nakuachia mpaka pale kwenye mparachichi." Mdogo anatangulia hadi kwenye mti, ndipo wanaanza. Bila kuachiwa, mdogo hana sababu ya kukimbia. Akiachiwa kiasi sahihi, wote wawili watakimbia kwa nguvu zote hadi mwisho.

Mbio za kuachiana ni wazo hilohilo, ila badala ya kukisia kwa macho, klabu inatumia saa na daftari. Mwenye mwendo mdogo anaanza kwanza. Mwenye kasi kubwa anaanza mwisho. Kila mmoja anaachiwa muda kulingana na uwezo wake aliouonyesha mwenyewe, kiasi kwamba kama wote watakimbia kama kawaida yao, watafika kwenye mstari wa mwisho kwa pamoja. Anayefika kwanza ni yule aliyekimbia vizuri kuliko kawaida yake kwa siku hiyo.

Utaratibu huu haufai kwa mashindano makubwa. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania dhahabu ya kwanza katika historia yake ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, alipomshinda Mjerumani Amanal Petros katika marathon ya Tokyo. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde. Pale hapakuwa na haja ya kumwachia mtu, kwa sababu wanaofika kiwango hicho uwezo wao umekaribiana. Klabu ya mtaa haiko hivyo. Ina kijana wa miaka 20 na bibi wa miaka 62, na wote wamelipa ada ileile.

Hatua ya kwanza: muda wa msingi

Kila kitu kinaanzia kwenye mbio za kupima muda. Klabu inachagua njia moja, tuseme ya kilomita 5, na kila mwanachama anaikimbia peke yake au pamoja na wenzake huku saa ikihesabu. Klabu nyingi za Afrika Kusini hufanya hivyo kila wiki, jioni ya siku ya kazi, kwenye njia ileile mwaka mzima. Na zile mbio za bure za kilomita 5 ziitwazo parkrun, ambazo sasa zimeenea katika nchi nyingi, zilianza mwaka 2004 katika bustani ya Bushy, London, zikiwa mbio ndogo za kupima muda zenye wakimbiaji 13 tu.

Muda wa siku moja hautoshi. Mtu anaweza kuwa amelala vibaya au ana mafua. Ni vizuri kila mwanachama akimbie mara tatu katika wiki tatu, na muda wake bora kati ya hizo tatu ndio uandikwe kuwa muda wake wa msingi. Tunasema muda bora, si wastani, kwa sababu maalumu tutakayoieleza mbele kidogo.

Njia nayo ipimwe vizuri. Simu za mkononi zina programu za kupima umbali, lakini simu mbili zilizokimbia njia moja zinaweza kutoa majibu mawili, hasa penye miti na majengo. Wapimaji rasmi wa mbio za barabarani hutumia baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu. Klabu haihitaji kufika huko. Kinachohitajika ni mahali pa kuanzia, pa kugeuzia na pa kumalizia pawekwe alama ambayo haihami: nguzo ya umeme, kalavati, kona ya ukuta wa shule. Njia ikiwa na mita 4,900 badala ya 5,000, hakuna atakayedhulumiwa, mradi ni ileile kila mara.

Hesabu ya kuanzia

Tuchukue mfano wa watu watatu. Mama lishe, muda wake wa msingi ni dakika 35. Mwalimu, dakika 26 na sekunde 30. Kijana wa bodaboda, dakika 20 kamili.

Kanuni ni moja: chukua muda wa msingi wa mwenye mwendo mdogo kuliko wote, kisha utoe muda wa msingi wa kila mwingine. Jibu ndio dakika anazosubiri kabla ya kuruhusiwa kuanza.

Mama lishe anaanza saa ya klabu inaposoma sifuri. Kwa mwalimu, dakika 35 toa dakika 26 na sekunde 30 ni dakika 8 na sekunde 30. Anasubiri muda huo, ndipo anaondoka. Kwa kijana wa bodaboda, dakika 35 toa 20 ni 15. Anasimama robo saa nzima akimwangalia mama lishe akipotelea kwenye kona.

Sasa tuseme siku hiyo mama lishe anatumia dakika 34 na sekunde 10. Mwalimu anatumia dakika 26 na sekunde 10. Kijana, aliyechoka na safari za usiku, anatumia dakika 20 na sekunde 20. Saa ya klabu, ambayo haikusimamishwa tangu mwanzo, itasoma hivi kwenye mstari wa mwisho: mama lishe 34:10, mwalimu 34:40, kijana 35:20. Mama lishe ameshinda. Aliyeongoza mbio zote ni yeye, na dakika ya mwisho alikuwa akisikia viatu vya mwalimu vikikaribia nyuma yake.

Tazama kilichotokea hapo. Watu watatu wanaotofautiana kwa robo saa wamefika wote ndani ya sekunde 70. Hakuna aliyekuta maji yameisha. Na kijana, ambaye kwa utaratibu wa kawaida angekimbia kilomita 5 akiwa peke yake mbele, amepata watu wa kuwafukuza.

Klabu ambayo haitaki watu waanze kwa zamu inaweza kuwaanzisha wote pamoja na kupunguza muda wa kuachiwa kwenye karatasi baadaye. Hesabu ni ileile. Ila raha ya kufukuzana inapotea, na mshindi anajulikana mezani badala ya barabarani.

Daftari linabadilika baada ya kila mbio

Hapa ndipo haki ya utaratibu huu inapokaa. Mama lishe akibaki na dakika 35 daima, atashinda kila mwezi na wengine watachoka. Kwa hiyo baada ya kila mbio muda wa msingi unarekebishwa.

Sheria inayoeleweka kirahisi ni hii. Aliyeboresha, muda wake mpya wote unakuwa muda wake wa msingi. Aliyerudi nyuma, anaongezewa kidogo tu, tuseme sekunde 10 na si zaidi, hata kama alichelewa dakika mbili.

Kwa sheria hiyo, mbio zinazofuata mama lishe atakuwa na 34:10, mwalimu 26:10, na kijana 20:10. Mwalimu sasa atasubiri dakika 8 kamili badala ya 8 na nusu. Kijana atasubiri dakika 14 badala ya 15. Ushindi wa mama lishe umempunguzia nafasi. Akitaka kushinda tena, itabidi aboreshe tena.

Kwa nini mfululizo na si mbio moja?

Mbio moja zinaweza kushindwa kwa bahati. Ndiyo maana klabu hupanga mfululizo, na kwa Nyanda za Juu Kusini miezi inayofaa ni Mei hadi Oktoba, wakati mvua zimepungua na barabara za vumbi zinapitika. Mbio moja kila mwezi zinatosha: sita kwa msimu.

Kila mbio zinatoa pointi. Wa kwanza anaweza kupata 10, wa pili 9, na kuendelea hadi 1, ambayo kila anayemaliza anaipata. Mwisho wa msimu zinahesabiwa mbio nne bora za kila mtu, si zote sita. Sababu ni maisha yenyewe. Kuna msiba, kuna mavuno, kuna mtoto aliyeugua, kuna safari ya Dar es Salaam. Mtu akikosa mbio mbili bado yumo kwenye kinyang'anyiro, na hana sababu ya kukimbia akiwa na homa.

Tunashauri pia klabu itunze msimamo wa pili, wa muda halisi bila kuachiana. Kijana anayeota kushiriki Tulia Marathon pale Mbeya au Kilimanjaro Marathon pale Moshi anahitaji kujua kasi yake ya kweli, na anastahili kupongezwa kwayo.

Anayeficha mwendo

Kila panapokuwa na kuachiana, atatokea mjanja. Anakimbia taratibu siku za kupimwa ili aandikiwe muda mkubwa, kisha siku ya zawadi anafungulia.

Ujanja huu una umri mrefu. Katika mji wa Stawell, jimbo la Victoria nchini Australia, mbio za kuachiana, ambazo sasa ni za mita 120, zimekuwa zikifanyika karibu kila Pasaka tangu mwaka 1878, zikiwa na zawadi ya fedha. Pale hawaachiani dakika bali mita: mwenye kasi kubwa anaanzia nyuma kabisa, wengine wanasogezwa mbele yake. Kwa kuwa fedha na kamari vilihusika, wapo waliojifunza kuficha uwezo wao kwa msimu mzima. Ndiyo maana waandaaji wana wasimamizi wanaofuatilia matokeo ya kila mkimbiaji, na wenye mamlaka ya kumpiga faini anayebadilika ghafla bila maelezo. Mwaka 1975, Jean-Louis Ravelomanantsoa wa Madagascar alishinda mbio hizo akianzia mstari wa nyuma kabisa, bila kuachiwa hata mita moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla yake.

Klabu ya mtaa haina wasimamizi, lakini ina kinga tatu. Ya kwanza ni ile tuliyoigusia: kutumia muda bora badala ya wastani, ili kukimbia taratibu siku moja kusimsaidie mtu. Ya pili ni kumwongezea kidogo tu aliyerudi nyuma. Ya tatu ni kikomo: anayeboresha kwa zaidi ya dakika moja na nusu katika mbio moja anapigiwa makofi, muda wake unaandikwa upya, lakini pointi zake ni za kumaliza tu. Hatuambiwi kuwa ni mwongo. Tunasema tu kwamba muda wake wa zamani haukuwa sahihi.

Kinga ya nne ni zawadi yenyewe. Mkungu wa ndizi au kilo ya mchele wa Kyela itachekesha na kufurahisha. Fedha nyingi zitaleta maneno.

Mbeya na Iringa: njia tofauti, shindano moja

Miji hii miwili imetenganishwa na zaidi ya kilomita 300 za barabara kuu ya TANZAM, kupitia Makambako na Mafinga. Je, klabu zake zinaweza kushindana? Tatizo la kwanza ni kwamba muda wa mji mmoja haulingani na wa mwingine. Mbeya iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Iringa kama mita 1,600. Kote huko hewa ni nyepesi, na mgeni kutoka Dar es Salaam ataona muda wake umeharibika bila kosa lake. Lakini kikubwa zaidi ni vilima. Anayekimbia Iringa kutoka Ipogolo, bondeni kwenye Mto Ruaha Mdogo, hadi mjini juu, hawezi kulinganishwa na anayekimbia penye tambarare upande wa Uyole.

Jawabu ni kuacha kulinganisha muda na kulinganisha asilimia. Kila mtu anapimwa dhidi ya muda wake wa msingi kwenye njia ya kwao.

Mfano: mkimbiaji wa Mbeya ana muda wa msingi wa dakika 30. Siku ya shindano anatumia 29:24. Ameokoa sekunde 36 kati ya 1,800, yaani asilimia 2. Mkimbiaji wa Iringa, kwenye njia yenye kilima, ana muda wa msingi wa dakika 40. Anatumia 39 kamili. Ameokoa sekunde 60 kati ya 2,400, yaani asilimia 2.5. Wa Iringa ndiye mshindi, ingawa amechelewa karibu dakika 10 zaidi ya mwenzake.

Kila klabu inakimbia kwao, Jumamosi ileile, na picha ya daftari inatumwa WhatsApp siku hiyohiyo. Wastani wa asilimia za wakimbiaji kumi wa kila upande unatosha kutoa klabu bingwa. Basi litahitajika siku ya kukabidhiana kombe tu.

Haki yenye mipaka

Utaratibu huu haumfanyi kila mtu kuwa sawa, na klabu iseme hivyo mapema. Wageni huboresha haraka. Mtu aliyeanza kukimbia mwezi uliopita anaweza kupunguza dakika mbili kwa wiki chache, wakati mkongwe wa miaka kumi anapigania sekunde tano. Mfululizo wa kuachiana humpendelea anayeanza. Wengine husema hiyo ndiyo faida yake, kwa kuwa ndiye aliye karibu zaidi kuacha. Lakini mkongwe naye asisahauliwe, na ule msimamo wa pili ndio fidia yake.

Njia nyingine ni kuachiana kwa umri na jinsia, si kwa muda wa mtu binafsi. Mbio za Dipsea za California, Marekani, zilizoanza mwaka 1905 na zenye urefu wa kama kilomita 12 za milimani, hufanya hivyo. Mwaka 2010 mshindi wake alikuwa mtoto wa kike wa miaka 8. Mwaka 2012 alikuwa mzee wa miaka 72.

Kuna pia suala la afya. Kushindana na muda wako mwenyewe kunaweza kumsukuma mtu kupita kiasi. Anayetoka kuugua malaria, au mama aliyejifungua, asirudi na muda wake wa zamani. Apimwe upya kama mwanachama mpya. Na mwenye shinikizo la damu au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.

Suala la mwisho ni mwanga. Juni na Julai, jua huchelewa kuchomoza Mbeya na Iringa hadi karibu saa 1 asubuhi. Mbio zikianza saa 12, wanaotangulizwa gizani, kwenye barabara yenye malori yanayokwenda Tunduma, ni walewale wenye mwendo mdogo, wengi wao wakiwa wanawake na wazee. Klabu ianze saa moja na robo, ichague barabara za ndani, na iweke mtu kwenye kila kona.

Vitu vya kuanzia

Klabu inahitaji saa moja inayohesabu sekunde, daftari la mistari, kalamu mbili, na watu wawili wasiokimbia siku hiyo: mmoja anasoma saa kwa sauti, mwingine anaandika. Wiki tatu za kwanza ni za kupima tu, bila pointi na bila zawadi. Wiki ya nne orodha ya muda wa kuanza inabandikwa ukutani siku moja kabla, ili mwenye swali aulize kabla ya mbio na si baada ya kushindwa.

Kisha Jumamosi inafika. Mtunza muda anatazama orodha, anaita jina la kwanza, na mtu aliyezoea kuonekana mgongo wa kila mtu anasogea kwenye mstari peke yake, barabara yote ikiwa yake.